UZI: Nywele za kipilipili zinakua, tuongelee zinakatikia wapi na kwa nini

#1 Chanuo_Pana

Habari za humu wadau.

Swali linalorudi jukwaani kila wiki ni "nipake nini nywele zikue?" Naomba tulimalize leo. Unywele unaouona tayari umekufa. Kiwanda kiko chini ya ngozi na kinatoa karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa nywele za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo. Kwa mwaka ni kama sentimita 9 hadi 12. Dada ambaye nywele zimegota usawa wa sikio kwa miaka mitatu hana shida ya kukua. Zinaota shinani, ila kinachoota ndicho kinachokatika nchani.

Kwa nini zetu zinakatika zaidi? Kinyweleo kimepinda, kwa hiyo unywele unatoka ukiwa bapa na umejikunja. Kwenye kila kona ya mkunjo magamba ya nje yameinuka kidogo na unywele ni dhaifu. Mafuta ya asili yanayotoka ngozini hayateremki njia yenye kona nyingi namna hiyo, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ngozi yenye mafuta huku ncha zimekauka. Halafu nywele zinasokotana zenyewe kwa zenyewe. Ukipitisha kitana kwa haraka, hukati unywele mmoja, unakata kifundo kizima.

Jambo la pili ni kipimo. Zikikauka, nywele za kipilipili zinapoteza zaidi ya nusu ya urefu wake machoni, nyingine hadi robo tatu. Za sentimita 20 zinaweza kukaa kichwani kama za sentimita 6. Huo si ugonjwa, na ndiyo sababu wengi wanaamini "nywele zangu hazikui" wakati zinakua. Chagua fungu moja, tuseme nyuma ya sikio la kulia, lichovye maji, livute taratibu, lipime kwa futi ya fundi cherehani, andika. Rudia palepale baada ya miezi 3. Kioo achana nacho.

Siku ya kuosha, kila baada ya siku 7 hadi 10, isizidi wiki 2:

Gawa nywele mafungu 4, zikiwa nyingi mafungu 8, kila fungu libane. Kazi yote ifanyike fungu kwa fungu. Anayemwaga shampuu juu ya kichwa kizima na kuzirundika katikati kama anafua anatengeneza mafundo atakayoyalipia baadaye.

Usiku wa kuamkia kuosha, au angalau nusu saa kabla, paka mafuta ya nazi kwenye urefu wa nywele. Vijiko 2 vya chakula vinatosha nywele zinazofika begani zikivutwa. Mafuta ya nazi ni kati ya machache yanayopenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mengi yanabaki juu tu.

Kabla ya shampuu, lowesha fungu, paka kondishena yenye utelezi mpaka nywele ziteleze kwenye vidole. Anza na vidole, tenganisha mafundo makubwa. Kisha chanuo lenye meno mapana, ukianzia sentimita 3 za mwisho, halafu unapanda kidogo kidogo hadi shinani, mkono mwingine umeshika katikati ya fungu ili ngozi isivutwe. Ukifika kwenye fundo, simama. Ongeza kondishena, lifungue kwa vidole. Sauti ya "pa, pa, pa" wakati wa kuchana ni nywele zinakatika. Likiisha, lisokote fungu na ubane.

Suuza, kisha shampuu kwenye ngozi ya kichwa peke yake, kwa ncha za vidole na si kucha. Povu linaloteremka linatosha kusafisha urefu. Kama ulipaka mafuta mazito au jeli, rudia mara ya pili. Maji yawe vuguvugu.

Kondishena ya kina: dakika 20 hadi 30 chini ya kofia ya plastiki, juu yake taulo lenye joto au mashine ya mvuke (stima). Kulala nayo hakuongezi kitu.

Kukausha: fulana ya pamba, bana na kukamua, usisugue. Nywele zikiwa mbichi lakini hazichuruziki, paka kondishena ya kubaki nayo, kisha mafuta au siagi ya shea kidogo ili kufungia maji. Siagi ya ukubwa wa punje ya harage kwa fungu moja, iyeyushwe viganjani kwanza. Sokota mawili mawili, acha zikauke.

Nimemaliza langu. Wataalamu wa kemia, wasusi na watu wa afya mpo humu, ongezeni nyama.

#2 Kidosho_wa_Afro

Uzi mzuri dada. Ila hapo kwenye shampuu nakupinga. Shampuu inakausha, watu wa nywele za asili tunaosha kwa kondishena peke yake. Na mafuta ngozini kila siku, kama mama zetu.

#3 Mkemia_Mtaani

Dada Kidosho, tuvigawanye hivyo viwili.

Kondishena ina chembe zenye chaji chanya. Unywele ulioharibika una chaji hasi, kwa hiyo zile chembe zinang'ang'ania pale palipochubuka na kupafanya pateleze. Ndiyo kazi yake: kubaki. Kuondoa jasho, siagi, jeli na vumbi kunahitaji kitu cha kushika mafuta na kuondoka nayo na maji, na hiyo ni shampuu. Ukiosha kwa kondishena miezi mitatu mfululizo, nywele zinapata tabaka. Zinakuwa nzito, maji yanateleza juu bila kuingia, kichwa kinawasha, na wewe unaona "zimekauka" kwa hiyo unaongeza siagi. Mzunguko huo ndio unaoleta watu humu kulia.

Kinachokausha ni shampuu kali, siyo shampuu. Tafuta isiyo na salfeti kali (viambato vya povu vinavyong'oa mafuta kwa nguvu) kwa kila wiki, na yenye nguvu zaidi mara moja kila wiki 4 hadi 6 kuondoa mabaki. Kama maji yako ni ya chumvichumvi, hiyo ya nguvu iwe na EDTA kwenye lebo, maana ndiyo inayoshika madini ya kalisi yaliyoganda juu ya unywele. Ukitaka kupunguza ukali, changanya sehemu 1 ya shampuu na sehemu 3 za maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, lakini tengeneza ya siku hiyo tu. Ukishaongeza maji, kihifadhi kimepungua nguvu na vijidudu vitaota.

Sabuni ya mche msitumie. pH yake (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) ni 9 hadi 10, ngozi ya kichwa iko karibu 5.5. Kwenye pH ya juu magamba yanainuka na unywele unavimba, halafu unakwaruzana na jirani yake. Magadi ya kuokea yale yale. Na lile la "suuza kwa maji baridi yafunge magamba": unywele hauna misuli ya kujifunga kwa baridi. Kinacholaza magamba ni asidi kidogo, na kondishena nzuri tayari ina pH ya 4 hadi 5. Ukipenda siki, kijiko 1 cha chakula kwenye glasi ya maji ya mililita 250, unamwaga, unasubiri dakika moja, unasuuza. Siki isiyochanganywa inaunguza ngozi. Limau ndilo baya zaidi, pH yake ni kama 2.

Mafuta ngozini kila siku naacha watu wa afya.

#4 Msusi_Mkongwe

Mleta uzi umeongea vizuri, ila nywele nyingi hazikatiki siku ya kuosha. Zinakatika siku ya kufumua. Mtu amekaa na rasta wiki 10, ana haraka, anafumua huku anaangalia tamthilia, akimaliza anaingia moja kwa moja bafuni. Hapo ndipo nusu ya urefu wa mwaka inapoondoka.

Sikilizeni. Kwenye shina la kila rasta, pale nywele zilipoota tangu usukwe, kuna kipete cha kijivu. Ni vumbi, mafuta, ngozi iliyokufa, pamoja na nywele zilizokwisha dondoka zikakosa pa kutokea. Kipete hicho kikiguswa na maji kabla hakijafunguliwa kinakaza, kinakuwa fundo gumu, na hapo dawa yake inakuwa mkasi. Kwa hiyo:

Kata rasta chini ya nywele zako, ukiacha sentimita 5 za usalama. Fumua hadi shinani. Kabla hujaenda kwenye rasta ya pili, dondoshea mafuta au kondishena kwenye kile kipete, kama tone la ukubwa wa punje ya mahindi, kisiage kwa vidole viwili, kitanue pembeni, siyo kukivuta chini. Kikishaachia, pitisha chanuo kuanzia nchani. Ukikusanya nywele za rasta tano au sita, zisokote fungu moja ubane. Kichwa kizima kikiisha hivyo ndipo uende kwenye maji.

Na msishtuke na rundo. Mtu hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, hiyo ni kawaida. Ukikaa wiki 6 ni siku 42, yaani nywele 2,100 hadi 4,200 zimebaki humo zikisubiri. Kutofautisha ni rahisi: unywele uliodondoka wenyewe ni mrefu na una kidoti cheupe upande mmoja. Uliokatika ni kipande kifupi, hauna kidoti. Ukiona sakafuni vipande vifupi vingi, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Muda: rasta wiki 6 hadi 8. Yeboyebo za nywele zenyewe wiki 2, zikizidi sana 3. Baada ya kufumua, pumzika angalau wiki moja kabla ya kusuka tena. Wivingi ni ileile wiki 8, na wenye wivingi ndio wanaosahau kuosha ngozi.

#5 Kidosho_wa_Afro

Mkemia nimekuelewa, nitarudi kwenye shampuu 😅. Msusi, mbona rasta zinawasha wiki ya kwanza hata kichwa kikiwa safi?

#6 Msusi_Mkongwe

Mara nyingi ni dawa iliyopakwa kwenye nywele za bandia kiwandani. Kabla ya kusuka, zifungue pakiti, zifunge kwa mpira juu zisivurugike, zilowekwe kwenye lita 2 za maji ya moto yenye nusu kikombe cha siki, dakika 20 hadi 30. Utaona utando mweupe unaelea. Suuza, anika. Mteja mwenye ngozi nyepesi kudhurika asisukwe bila hilo.

Kama kuwasha kunaambatana na maumivu au vipele, hiyo si dawa, ni mvuto. Mteja akitoka saluni hawezi kuinua nyusi, au anahitaji panadoli ili alale, amesukwa vibaya. Hakuna "zitalegea kesho". Rudi zifumuliwe mstari wa mbele. Rasta nene kwenye nywele nyembamba za kando ya paji la uso ni kosa la msusi, na msusi anayejua kazi anapunguza uzito wa rasta za mbele na kuacha zile nywele laini kabisa nje. Kamba za kubana kila siku sehemu moja nazo ni mvuto. Badilisha sehemu.

#7 Muuguzi_Z

Naongezea hapo hapo. Mvuto wa muda mrefu una dalili zake kwa mpangilio: kwanza maumivu, kisha vipele vidogo kwenye mashina, vigamba vyeupe kuzunguka mzizi, halafu nywele za mbele na za juu ya masikio zinaanza kuwa nyembamba na fupi. Ukiacha kusuka kwa kukaza katika hatua hizo, zinarudi, ingawa inachukua miezi. Ukiendelea miaka, kinyweleo kinageuka kovu, ngozi inakuwa laini ya kung'aa bila vitundu, na hapo hakuna mafuta ya kurudisha. Hatari inaongezeka ukisuka au kushonea wivingi juu ya nywele zenye dawa, kwa sababu tayari zimedhoofika.

Kuna upotevu mwingine wa kuuogopa: unaoanzia utosini na kupanuka taratibu kama duara, wakati mwingine na kuungua au kuuma ukigusa, wakati mwingine kimya kabisa. Huo nao unaacha kovu. Usisubiri miezi sita ukijaribu mafuta ya nyonyo. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, maana lengo la tiba ni kuokoa zilizobaki.

Sasa mafuta ngozini. Vigamba vya mba si ukavu. Kuna kuvu wanaoishi kwenye ngozi ya kila binadamu na chakula chao ni mafuta. Ukiona vigamba ukaongeza mafuta unawalisha. Vinalainika siku mbili, vinaonekana vimeisha, vinarudi na kuwasha zaidi. Mwenye mba atumie shampuu yenye ketokonazoli asilimia 2 au zinki pirithioni asilimia 1. Paka ngozini tu, iache dakika 5 kabla ya kusuuza, mara 1 hadi 2 kwa wiki kwa wiki 4, kisha mara moja kila wiki 2 kuzuia isirudi. Urefu wa nywele ukinge kwa kondishena kabla, kwa sababu shampuu hizo zinakausha. Ukavu wa kweli una vigamba vidogo, vyepesi, hauna wekundu wala mafuta, na huo unatulia kwa kuosha na shampuu laini na kupaka matone machache tu.

Mtoto mwenye viduara visivyo na nywele, vidoti vyeusi na vigamba ana mapunye. Hayo hayatibiki kwa kupaka peke yake, yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Machanuo na kofia za nyumbani msishirikiane mpaka apone.

Na waliojifungua: nywele zikianza kudondoka kwa wingi mwezi wa pili hadi wa nne baada ya kujifungua, ni homoni. Zilikuwa zimegoma kudondoka wakati wa mimba, sasa zinalipa deni. Kwa kawaida inatulia ndani ya mwaka. Anayedondosha nje ya hapo, huku anachoka na kupata kizunguzungu, apime damu na madini ya chuma kabla ya kununua vidonge vya "nywele na kucha".

#8 Nusu_Nusu

Naomba msaada. Nywele zenye dawa, shina limeota kama sentimita 8 za asili, huku chini zimenyooka. Zinakatika kila nikichana. Kuna kitu cha kurudisha zile za chini zijikunje? Nimeambiwa keratini inasaidia.

#9 Mkemia_Mtaani

Hakuna, mdogo wangu. Dawa ya kunyoosha ina pH ya 12 hadi 14, inavunja viungo vya salfa vinavyoshikilia mkunjo na kuvigeuza kuwa aina nyingine isiyorudi. "Isiyo na sodiamu" au "ya watoto" ni kemia ileile kwa kiambato tofauti, ukali wake kwenye unywele hauna tofauti kubwa. Kilichonyooka kimenyooka hadi kitakapokatwa.

Na "keratini" ya saluni, ile ya kupaka na kupiga pasi ya nyuzi joto 200 na zaidi, si lishe. Nyingi zinatoa fomaldehaidi, gesi yenye sumu, zikipata joto, hata zile zilizoandikwa hazina, kwa sababu ndani kuna kiambato kinachogeuka kuwa gesi hiyo chini ya pasi. Macho kuwasha na kikohozi saluni si "harufu ya dawa tu". Kwa mtu anayetaka mkunjo wake urudi, hiyo ni kurudi nyuma.

#10 Chanuo_Pana

Nusu_Nusu, zinakatika pale kwenye mpaka, siyo? Upande mmoja mnene wenye mkunjo, upande mwingine mwembamba uliolala. Nguvu yote ya chanuo inaishia kwenye kile kiungo. Una njia mbili.

Kata zote zenye dawa leo. Sentimita 8 zikivutwa ni afro fupi ya kupendeza na kazi imeisha. Lowesha kwanza ili mpaka uonekane: pale mkunjo unapoishia, kata nusu sentimita juu yake.

Au kata kidogo kidogo, sentimita 2 kila wiki 6 hadi 8. Katika muda huo usichane kavu kamwe, vidole kwanza, na chagua mitindo inayoficha tofauti: kusokota mawili mawili na kuzungushia ncha kwenye vijiti vya sponji, mabutu, nywele za uzi. Pasi ya kila wiki ili shina lifanane na ncha ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu ile ya asili nayo inaungua, na mwisho wa mwaka una nywele za aina mbili zilizoharibika.

Kwa maoni yangu, ukishafika sentimita 8 kata. Ile ya kusubiri inawafaa wenye subira ya kuchana saa mbili.

#11 Pasi_Moto

Mbona mnaisema pasi kama shetani? Kuna wanaonyoosha na nywele ziko kiunoni.

#12 Mkemia_Mtaani

Wapo, mkuu. Wananyoosha mara chache kwa mwaka, na wanafanya hivi: nywele zimeoshwa siku hiyo, zimekauka asilimia 100, zina kinga ya joto yenye silikoni, pasi iko chini ya nyuzi 180, pito moja au mawili kwa fungu la upana wa sentimita 2. Basi.

Kinachoua ni vitu vitatu. Unyevu: maji yaliyobaki ndani yanachemka na kuacha mapovu kwenye unywele, na pale penye povu patakatika. Kinga isiyo kinga: mafuta ya nazi au siagi kabla ya pasi ni kukaanga tu. Na kurudia: kupitisha pasi kila siku kwenye nywele zilezile bila kuosha. Nyuzi zikipita 200 na kidogo, keratini yenyewe, yaani protini inayounda unywele, inaanza kubadilika, na ndiyo maana baadhi ya mafungu hayajikunji tena yakioshwa. Watu wanaita "zimezoea". Zimeungua.

#13 Kidosho_wa_Afro

Na mayai, mayonezi, maji ya mchele, kitunguu? Halafu mimi aina ya mkunjo wangu ni 4C, yule mwenzangu 4A, bidhaa si tofauti?

#14 Mkemia_Mtaani

Herufi zinaeleza umbo la mkunjo tu. Mfumo wenyewe ulianzishwa na Andre Walker, mtengeneza nywele wa Marekani, na 4C iliongezwa baadaye na watumiaji. Kinachoamua bidhaa ni unene wa unywele mmoja mmoja, wingi wake, na jinsi unavyopokea maji. Jaribio la kutupa unywele kwenye glasi uone kama unazama msilitumie, unywele wenye mafuta unaelea hata ukiwa umeharibika. Angalia bombani: zikichukua dakika kadhaa kulowa na nusu siku kukauka, magamba yamelala, tumia vitu vyepesi na joto wakati wa kondishena. Zikilowa papo hapo na kukauka upesi, magamba yako wazi, hapo siagi na protini zina kazi.

Mayai: chembe za protini yake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, inabaki juu. Na ukisuuza kwa maji ya moto yanaiva kichwani, kuyaondoa ni kazi. Mayonezi ni mafuta na mayai. Protini inayofanya kazi ni ile iliyovunjwa vipande vidogo kiwandani. Maji ya mchele yanakakamaza, mara moja kwa mwezi hayadhuru, kila siku yanafanya nywele ziwe kama waya. Kitunguu kinaunguza ngozi za watu na hakizuii kukatika.

Ujuaje kama unahitaji protini? Chukua unywele mmoja uliodondoka, ulowe, uvute. Ukinyumbuka kama theluthi ya urefu wake na kurudi, uko sawa. Ukivutika, ukabaki umelegea kisha ukakatika, ongeza protini, mara moja kila wiki 4 hadi 6. Ukikatika bila kunyumbuka, acha protini, rudi kwenye kondishena ya unyevu isiyo na protini. Hapa ndipo wengi wanakosea: nywele zinakatika, wanapiga protini kila wiki, zinakakamaa, zinakatika zaidi.

Glisarini nayo inavuta maji kutoka hewani. Hewa ikiwa kavu sana haina cha kuvuta, nywele zinakauka na kunata. Msimu wa ukavu isiwe mwanzoni mwa orodha ya viambato.

#15 Asubuhi_Saba

Hayo ya wikendi sawa. Asubuhi ya kazini je? Dakika 10 tu, na kazini wanataka "nywele nadhifu".

#16 Msusi_Mkongwe

Nadhifu si lazima zilale. Asubuhi inaanzia usiku. Kitambaa au kofia ya satini, au foronya ya satini kwa anayevua kofia usingizini. Pamba inakunywa mafuta na inakwaruza. Usiku zigawe mafungu 6 hadi 8, zisokote. Asubuhi fungua, tanua shina kwa chanuo la meno marefu bila kufika nchani, rashia maji kidogo mbele tu, laza kwa burashi laini na jeli ya ukubwa wa sarafu, funga kitambaa dakika 5 wakati unavaa. Usizilowanishe zote kila asubuhi. Kuvimba na kukauka kila siku kunachosha unywele na kunarudisha mafundo.

Mwenye wikendi moja kwa wiki 2 asuke nywele za uzi, zinanyooka bila joto. Nywele zikauke kiasi cha kubaki ubichi kidogo, zichanwe, fungu la upana wa sentimita 3. Funga uzi shinani mara tatu bila kukaza, ngozi isiinuke, kisha zungusha kushuka ukiacha nafasi ndogo kati ya mizunguko, na uzi ukaze zaidi kuelekea nchani. Nchani kunja kidogo ndipo ufunge. Kufumua anza chini. Ukikata kwa mkasi katikati utakata na nywele.

#17 Nusu_Nusu

Nimekata jana, zote. Swali la mwisho: vile vifundo vidogo vya unywele mmoja nchani, kama punje ya mchanga, navifungua kwa sindano au naacha?

#18 Chanuo_Pana

Hongera mdogo wangu. Usivifungue na usivivute. Mkasi wa nywele, siyo wa karatasi, kata milimita 3 juu ya kifundo. Ukikata kwa mkasi butu, ncha inachanika na mpasuko unapanda juu, hakuna mafuta yanayounganisha unywele uliopasuka. Vikizidi, nywele zinakaa zimejikunja muda mrefu mno. Zisokote au zisukwe uzi siku ile ile ya kuosha, na punguza milimita 5 kote kila miezi 3 hadi 4.

#19 Nusu_Nusu

Asante. Milimita 5 nazipima zikiwa kavu au zimelowa?

#20 Chanuo_Pana

Kavu, zikiwa zimenyoshwa kwa uzi. Zikilowa zinanyumbuka, kipimo hakitakuwa sahihi.